Bembelezi Katika Filamu za Kutisha: Hofu Hutoka Wapi?

Kila mwalimu wa Fasihi Simulizi huwafundisha wanafunzi wake kwamba bembelezi ni wimbo unaoimbwa ili kumtuliza mtoto anayelia au kumlaza usingizi. Fasili hiyo ni sahihi, nayo imekwisha kuandikwa katika madaftari ya vizazi vingi. Hata hivyo, nimejifunza hivi karibuni kwamba kwa vijana wetu wa leo haitoshi tena.

Nilikuwa katika darasa moja la kidato cha tatu mjini Tabora, upande wa Chemchem, nikizungumza na wanafunzi juu ya sayansi ya sauti. Nilikuwa nimerekodi sauti ya bibi mmoja Mnyamwezi akimwimbia mjukuu wake wakati wa jioni. Niliwaomba wanafunzi wafumbe macho, wasikilize, kisha waniambie wimbo ule ulikuwa na kazi gani. Msichana mmoja aliyeketi mbele alijibu upesi: "Mwalimu, hapo kuna mtu anakaribia kuuawa." Darasa zima likacheka, lakini hakuna aliyempinga. Nilipodadisi walinieleza kwamba muziki wa namna ile wameusikia mara nyingi katika picha za kutisha, ama katika simu za kaka zao, ama katika vile vibanda vya video ambavyo vijana huviita mabanda umiza.

Jibu la msichana yule halikuwa utani mtupu. Masikio yake yalikuwa yamefundishwa jambo fulani. Nia ya makala haya ni kuonyesha ni jambo gani walilofundishwa, walifundishwaje, na kwa nini sisi walimu hatuna budi kulishughulikia.

Ujuzi wa watunzi wa sinema

Watunzi wa muziki wa sinema wa Ulaya na Marekani walitambua zamani kwamba bembelezi yaweza kumtia mtu hofu kuliko kelele. Katika filamu iitwayo The Innocents ya mwaka 1961, iliyoongozwa na Jack Clayton kutokana na hadithi ya Henry James ya mwaka 1898, mtazamaji hakaribishwi na picha yoyote. Pazia ni jeusi, na sauti ya mtoto inaimba peke yake gizani. Mahadhi ya wimbo huo yalitungwa na Mfaransa Georges Auric, nayo husikika tena baadaye kutoka katika kisanduku cha muziki.

Mwaka 1968 ilitoka filamu ya Rosemary's Baby iliyoongozwa na Roman Polanski. Muziki wake ulitungwa na Krzysztof Komeda wa Poland, mtu ambaye, kabla ya kuwa mwanamuziki mashuhuri wa jazi, alisomea udaktari na kutibu maradhi ya masikio, pua na koo. Filamu inapoanza, mwigizaji Mia Farrow anaimba bembelezi isiyo na maneno, kwa silabi tupu. Mapigo yake huenda matatu matatu, kama kitanda cha mtoto kinachosukumwa huku na huko. Kinachoonekana ni mapaa ya nyumba za New York tu. Hakuna cha kutisha machoni, lakini mtazamaji hukaa akisubiri jambo baya.

Katika filamu ya Profondo Rosso ya Mwitaliano Dario Argento, ya mwaka 1975, wimbo wa watoto uliorekodiwa katika utepe husikika kabla ya muuaji kuua. Naye Jerry Goldsmith, katika filamu ya Poltergeist ya mwaka 1982, alitumia kwaya ya sauti za watoto kumwimba mtoto anayeandamwa na mizimu. Mbinu hii imerudiwa mara nyingi hata imekuwa desturi: ikisikika sauti ya mtoto au ya kisanduku cha muziki ikiimba polepole, mtazamaji hujua kwamba mambo yanakaribia kuharibika.

Hofu za aina mbili

Hapa mwanasayansi hana budi kutofautisha hofu za aina mbili, kwani hazipiti njia moja.

Hofu ya kwanza ni ya sauti kali. Mfano wake maarufu ni fidla zinazopiga mayowe katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, muziki uliotungwa na Bernard Herrmann. Mnyama anapopiga ukelele wa hatari, hewa hupita kwa nguvu nyingi katika nyuzi za sauti, na mitikisiko yake hupoteza mpangilio. Sauti huwa na mikwaruzo, huruka ghafla juu na chini. Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ambaye alikuwa amechunguza kwa miaka mingi kelele za hatari za wanyama wadogo wa milimani, alishirikiana na wenzake kuchambua sauti za filamu 102, nao wakatoa matokeo yao mwaka 2010. Waliona kwamba watengeneza filamu hutumia sauti za namna hiyo kuchochea hisia, na kwamba matumizi hayo hutofautiana kwa kadiri ya aina ya filamu. Ni kana kwamba wameazima ukelele wa wanyama pasipo kujua. Hofu hii haihitaji mafunzo. Hata asiyewahi kuona sinema hushtuka anaposikia ukelele.

Bembelezi ni kinyume kabisa cha ukelele. Mwendo wake ni wa taratibu, sauti haipandi wala haishuki sana, maneno na mahadhi hurudiwa. Kila kipengele chake humwambia msikilizaji kwamba hakuna hatari. Basi hofu hutoka wapi?

Kwanza, hutoka katika mgongano wa jicho na sikio. Hadithi inamwambia mtazamaji kwamba kuna hatari. Muziki unamwambia alale. Asipojua amsadiki nani, hukosa utulivu. Pili, bembelezi daima ina watu wawili: anayeimba na mtoto anayeimbiwa. Wimbo wa ngoma huimbwa uwanjani mbele ya wote, lakini bembelezi huimbwa ndani, karibu na kiumbe asiyeweza kujikinga. Tukiisikia bila ya kumwona mwimbaji, mara moja tunajiuliza: nani anaimba, na mtoto yuko wapi? Mtunzi stadi hutuachia swali hilo bila jibu.

Wala tusidhani kwamba giza hili lililetwa na sinema. Bembelezi zenyewe, katika mataifa mengi, zina maneno ya huzuni na ya vitisho. Ule wimbo wa Kiingereza uitwao Rock-a-bye Baby huzungumzia tawi linalovunjika na mtoto kuanguka pamoja na kitanda chake. Mshairi Federico García Lorca alitoa mhadhara mjini Madrid mwaka 1928 juu ya bembelezi za Hispania, akistaajabia jinsi akina mama wa nchi yake walivyowalaza watoto kwa mahadhi na maneno yenye huzuni kubwa. Kwetu pia si ajabu mtoto anayekataa kulala kutajiwa fisi au zimwi. Mtoto mchanga haelewi maneno. Yeye hupokea sauti tu. Maneno ni ya mama mwenyewe, aliyechoka, mwenye wasiwasi wake juu ya maradhi, njaa au mume aliye safarini. Mahadhi humtuliza mtoto. Maneno humpunguzia mama mzigo. Mtunzi wa filamu amefanya jambo lile lile, ila mahali pa maneno ameweka picha.

Ulimi wa chuma

Kuna sababu nyingine iliyo katika chombo chenyewe. Bembelezi za filamu hizi aghalabu hupigwa kwa kisanduku cha muziki, chombo kilichobuniwa Geneva mwishoni mwa karne ya 18. Ndani yake mna silinda yenye vijipini, na kitana cha chuma chenye ndimi za urefu mbalimbali. Kamani, kama ile ya saa ya kale, huizungusha silinda, na vijipini huzikwanyua ndimi moja baada ya nyingine.

Mwanafunzi wa Tanzania hahitaji kwenda Ulaya kukielewa chombo hiki. Misafara iliyotoka pwani kuja Tabora ilipita Ugogo, na Wagogo wanayo ilimba, marimba ya mkono ambayo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliisikilizisha dunia. Kanuni ya ilimba na ya kisanduku cha muziki ni moja: ulimi wa chuma ulioshikwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Ulimi ukifupishwa kuwa nusu ya urefu wake, pasipo kubadili unene, mitikisiko yake kwa sekunde huongezeka mara 4, wala si mara 2 kama ilivyo katika uzi wa gitaa. Aidha, uzi wa gitaa, kama sauti ya mwanadamu, hutoa pamoja na sauti ya msingi sauti nyingine ndogo ndogo zilizo mara 2, mara 3, mara 4 na kuendelea. Kwa hiyo sikio huzipokea kuwa kitu kimoja. Ulimi wa chuma ulio sawa kotekote hutoa sauti ya pili iliyo takriban mara 6.3 ya ile ya msingi, na ya tatu iliyo takriban mara 17.5. Hazipatani na ya msingi, nazo hufifia upesi. Ndiyo maana sauti ya chombo hicho humetameta kama kioo.

Zaidi ya hayo, kisanduku hakipumui. Mama anapoimba hutulia mwisho wa mstari ili avute pumzi. Akimwona mtoto anafumba macho hupunguza sauti. Kisanduku hakimwoni mtoto. Kitaendelea kuimba hata kama kitanda ni kitupu, na kamani inapokwisha hupunguza mwendo, kikasita katikati ya wimbo. Ni bembelezi isiyo na mbembelezaji. Hapo ndipo ilipo siri ya ubaridi wake. Mgogo anayepiga ilimba kwa vidole vyake hutumia ndimi za aina ile ile, lakini hakuna anayeogopa, kwa sababu mtu yupo.

Utulivu ni wa asili, hofu hufundishwa

Sasa turudi darasani Tabora. Je, wanafunzi wale walikisikia kitu cha kutisha katika sauti ya bibi? Ushahidi wa sayansi unasema hapana.

Mwaka 2018 Samuel Mehr na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti ambamo watu 750 kutoka nchi 60 walisikilizishwa vipande vifupi vya nyimbo za jamii 86, aghalabu jamii ndogo ndogo, wasizozifahamu. Walipoulizwa kazi ya kila wimbo, waliweza kuzitambua bembelezi kwa kiwango kinachozidi sana kubahatisha. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa aina hiyo hiyo lilionyesha kwamba watoto wachanga wa Marekani, wakisikia bembelezi za lugha ngeni kwao, mapigo ya mioyo yao hupungua kuliko wanaposikia nyimbo za aina nyingine. Mtoto huyo hajafundishwa lugha ile wala utamaduni ule, lakini mwili wake unaielewa bembelezi.

Kwa hiyo, yule aliyejibu kwamba "mtu anakaribia kuuawa" hakuongozwa na maumbile yake. Aliongozwa na kanuni aliyoieleza Mrusi Ivan Pavlov zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mbwa wa Pavlov walitokwa na mate waliposikia ishara iliyozoeleka kutangulia chakula. Vivyo hivyo kijana akionyeshwa mara kwa mara kwamba bembelezi hutangulia kisu, moyo wake utakwenda mbio akisikia bembelezi. Mbwa wa Pavlov, hata hivyo, walikuwa hawajui ishara ile kuwa na maana yoyote kabla ya jaribio. Bembelezi ilikuwa na maana yake tangu mwanzo. Hatari iliyopo ni kwamba kwa vijana wetu maana ya pili inafika kabla ya ya kwanza haijakita mizizi.

Mama akiwa na kazi nyingi humkabidhi mtoto simu, naye hulala akiitazama. Bibi amebaki kijijini, na mjukuu yuko mjini. Mtoto wa namna hiyo hukutana na bembelezi kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka 12, katika banda la video.

Njia ya misafara

Kwa watu wa Tabora jambo hili lina uzito wa pekee. Mji huu ulikua kwa miguu ya watu. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, walikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na Wanyamwezi wakichukua pembe na bidhaa kati ya bara na Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, misafara ilikuwa na wanawake na watoto pia. Mtoto alifungwa mgongoni kwa nguo, akalala huku akienda.

Sayansi imelithibitisha jambo ambalo wanawake wale walilijua. Mwaka 2013 Kumi Kuroda wa Japani na wenzake walionyesha kwamba mtoto mchanga akibebwa na mama anayetembea huacha kulia na mapigo ya moyo wake hupungua katika muda wa sekunde chache, kuliko akipakatwa na mama aliyeketi. Mwaka 2022 walishauri kwamba mtoto anayelia abebwe kwa kutembea dakika 5, kisha mama aketi naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Wengi wa bibi zetu wangelitabasamu kusikia ushauri huo.

Je, mwendo wa bembelezi za Kinyamwezi una uhusiano na mwendo wa hatua za mbebaji? Hilo ni swali la kitafiti, na linaweza kuchunguzwa na wanafunzi wa kidato cha tatu.

Tufanye nini?

Wapo watakaosema dawa ni kuwapiga vijana marufuku kutazama picha za kutisha. Nakubali kwamba mtoto mdogo hapaswi kutazama kila kitu. Lakini marufuku haimfundishi mtu kusikia. Isitoshe, filamu nilizozitaja zimetungwa kwa ustadi mkubwa, na kijana anayejua jinsi alivyotishwa amepata elimu ya saikolojia, ya fizikia na ya fasihi kwa pamoja. Wapo wengine watakaosema kwamba nyimbo za bibi zimepitwa na wakati, hazifai kuingia katika somo la sayansi. Hao wangetafakari kwa nini watafiti wa vyuo vikuu vikubwa hutumia miaka mingi kuzikusanya.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, walimu wa Fizikia na wa Kiswahili waandae kipindi cha pamoja. Rula ya chuma iliyobanwa ukingoni mwa meza yatosha kuonyesha kanuni ya ulimi wa ilimba, na saa ya kawaida yatosha kuhesabu mapigo ya bembelezi kwa dakika na hatua za mtu anayembeba mtoto.

La pili, wanafunzi wazirekodi bembelezi za nyumbani kwao. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki, ukiwamo wa Wanyamwezi, na rekodi hizo zimehifadhiwa Afrika ya Kusini. Ni hazina kubwa, lakini mgeni mwenye vyombo hurekodi zaidi yale yanayofanyika uwanjani mchana. Bembelezi huimbwa chumbani usiku, na anayeweza kuifikia ni mjukuu. Leo mjukuu huyo ana kinasa sauti ndani ya simu. Aombe ruhusa kwa heshima, aandike jina la mwimbaji iwapo mwenyewe anaridhia, lugha, mahali na tarehe, na nakala moja ibaki kwa mwenye wimbo.

La tatu linawahusu watengeneza filamu wetu. Filamu za kutisha za Kitanzania zimekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Mtunzi anayetaka kumtisha mtazamaji wa Tabora kwa kisanduku cha muziki anaazima kumbukumbu za mtoto wa Ulaya. Hakuna mtu wa Chemchem aliyelazwa kwa chombo hicho. Akitaka kugusa moyo, na aanze na sauti ambayo mtazamaji aliisikia mgongoni mwa mama yake. Lakini mbinu hiyo itafaulu tu iwapo sauti hiyo ilisikika kweli. Hofu ya bembelezi hula akiba ya utulivu. Pasipo akiba, hata hofu yenyewe haina ladha.

Siku ya pili nilimrudia yule bibi, nikamsimulia jinsi wanafunzi walivyoufasiri wimbo wake. Nilitazamia atacheka au atakasirika. Alinyamaza kidogo huku akimweka mjukuu vizuri mgongoni, kisha akaniuliza: "Baba, hao watoto walilazwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nimelileta swali lake kwenu walimu, nanyi wanafunzi, ili kila mmoja alipeleke nyumbani kwake jioni ya leo.